Hii ni Pikipiki Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutambua Pikipiki Adimu za Zamani kwa Picha

Picha hutufikia za kila namna. Kuna ya albamu iliyoliwa na mende pembeni, kuna ya chuma kilichotelekezwa nyuma ya ghala la chai kule Limuru, kuna ya skrini ya simu iliyopigwa picha na simu nyingine. Swali huwa lile lile. Haya ni majibu ya yale tunayoulizwa zaidi hapa Nairobi, ili unapotuma picha uwe umeshaitazama mwenyewe kwanza.

Nina picha moja tu, tena imefifia. Nianzie wapi kuitazama?

Anza na injini. Halafu fremu, halafu shoko na magurudumu. Tangi liache liwe la mwisho kabisa.

Pikipiki iliyoishi Nairobi miaka sitini imepitia mikono mingi. Kabureta ya kiwandani ikikataa, fundi alifunga ya Yamaha na safari ikaendelea. Kiti kilishonwa upya, madgadi ikakatwa kwa bati Kamukunji, taa ya mbele ikatolewa kwa skuta iliyokufa, na tangi lililotoboka likabadilishwa na lolote lililopatikana Gikomba. Hakuna aibu hapo, chombo kilikuwa cha kazi. Lakini kasha la injini lilimiminwa kiwandani, na hakuna fundi wa jua kali atakayejisumbua kumimina jingine kwa ajili ya pikipiki moja. Kwa hiyo umbo la kasha, mpangilio wa silinda na mahali pa kiki ndivyo vinavyosema ukweli hata baada ya vingine vyote kubadilishwa.

Lakini tangi limeandikwa Triumph. Si hapo swali limekwisha?

Hapana. Tangi hufunguliwa kwa bolti chache tu. Tena Uingereza kwenyewe vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakitoa injini ya Triumph na kuifunga kwenye fremu ya Norton ya aina ya Featherbed, iliyotoka mwaka 1950, kwa sababu injini ile ilikuwa na mbio na fremu ile ilikuwa imetulia barabarani. Mchanganyiko huo una jina lake, Triton, na wengine huutafuta kwa bei kubwa. Ukisoma tangi pekee umepata nusu ya habari, na huenda ni nusu ya uongo.

Jina lililochongwa au kumiminwa kwenye chuma cha injini ni jambo jingine. Hilo liamini zaidi.

Nawezaje kujua mtengenezaji kwa kuangalia injini tu?

Hesabu silinda, kisha tazama zimekaa vipi. Hapa ndipo penye utamu.

Silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia kama masikio ya tembo ni BMW, ambayo imekuwa na umbo hilo tangu R32 ya mwaka 1923, au ni jamaa zake wa Kirusi ambao tutawafikia. Zikiwa zimelala lakini moja inatazama mbele na nyingine nyuma, fikiria Douglas ya Bristol ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita Douglas nao waligeuza silinda zao zikatazama pembeni, kwa hiyo usiseme BMW kabla hujakagua vizuri.

Silinda mbili zilizosimama bega kwa bega ndizo zinazochanganya watu. Edward Turner alizipa umaarufu kwa Triumph Speed Twin mwaka 1937, na viwanda vingine vya Uingereza vikafuata: BSA, Norton, Matchless, Royal Enfield. Siri iko kwenye vijiti vinavyosukuma valvu. Kwenye Triumph utaona mirija miwili inayong'aa katikati ya silinda, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kwenye BSA A7 na A10 vijiti vimefichwa nyuma ya silinda. Kwenye Norton Dominator viko mbele. Picha ikiwa safi kiasi, jambo hili moja linatosha kumaliza ubishi.

Silinda mbili za umbo la V zinaweza kuwa Harley-Davidson au Indian za Marekani, Brough Superior ya Nottingham, au Vincent ya Stevenage. Vincent za baada ya vita zina alama yao: chini ya injini hakuna mabomba ya fremu, kwa sababu injini yenyewe ndiyo mhimili. Black Shadow, yenye injini ya cc 998 iliyopakwa rangi nyeusi, ina saa ya mwendo kubwa kama sentimita 13 hivi, na namba zake zinafika maili 150 kwa saa.

Silinda moja iliyolala kuelekea mbele, na gurudumu zito la chuma likizunguka nje ya injini bila kifuniko, ni Moto Guzzi ya Italia, mara nyingi Falcone. Silinda nne zilizopangwa mraba ni Ariel Square Four, iliyotengenezwa kati ya 1931 na 1959. Matairi manene kuliko kawaida, shafti badala ya cheni, na silinda mbili zilizofuatana moja nyuma ya nyingine ni Sunbeam S7.

Na ukiona rejeta kwenye pikipiki ya zamani, shukuru, maana orodha inakuwa fupi ghafla. Scott ya Yorkshire ilikuwa na rejeta enzi za babu zetu. Velocette LE, iliyokuwa kimya kiasi kwamba polisi wa Uingereza waliipenda kwa doria, nayo ilikuwa nayo. Suzuki GT750 ya silinda tatu ilifuata mwaka 1971.

Pedeli ya gia iko kulia. Ina maana ilibadilishwa?

La. Pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa na gia kulia na breki ya nyuma kushoto mpaka katikati ya miaka ya 1970, sheria za Marekani zilipolazimisha gia ihamie kushoto. Gia kulia ni dalili nzuri ya Uingereza, lakini si uthibitisho, kwani Bullet za India ziliendelea hivyo miaka mingi baadaye.

Jambo moja zaidi. Picha za zamani zilichapishwa kutoka kwenye negativu, na negativu ikiwekwa kinyume kila kitu kinageuka. Kabla hujatangaza kwamba umepata pikipiki ya ajabu yenye kiki upande usiofaa, soma maandishi yaliyomo kwenye picha: namba pleti, bango la duka, jina la tangi. Kama hakuna maandishi, angalia vifungo vya koti la mwanamume aliyeikalia. Koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya upande wa kulia.

Nitajuaje ni ya miaka gani bila karatasi?

Tazama inavyobeba mashimo ya barabarani. Mbele, za zamani zaidi zina mikono ya vyuma yenye viungo, na springi moja nene iko juu ya gurudumu, chini ya taa. Shoko za mirija yenye oili zilianza kuuzwa kwenye BMW R12 mwaka 1935, lakini kwa Waingereza zilienea hasa baada ya vita. Nyuma, angalia kama kuna shoko kabisa. Fremu iliyoshikana moja kwa moja na ekseli ya nyuma ni ya zamani. Kisha ikaja ile ambayo ekseli inapanda na kushuka ndani ya vikombe viwili vifupi. Halafu ndiyo mkono unaocheza na shoko mbili ndefu, tunaoujua sote.

Kabureta ya Amal nayo inasaidia. Ikiwa bakuli la petroli limetengana na mwili wake, ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950. Aina ya Monobloc ilitoka 1955, na Concentric, yenye bakuli chini, 1967. Hapa kumbuka tulilosema kuhusu mafundi: kabureta mpya kwenye injini ya zamani ni kawaida, lakini ya zamani sana kwenye injini mpya ni nadra.

Breki ya diski mbele kwenye pikipiki ya silinda nne? Honda CB750 ya 1969 ndiyo iliyoifanya kuwa jambo la kila mtu.

Marehemu babu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni), na kwenye picha amekaa juu ya pikipiki ya jeshi. Ni ipi?

Swali hili huja sana, na kwa kawaida jibu liko kati ya chache. BSA M20 na Norton 16H zote ni za silinda moja, cc karibu 500, na valvu zao ziko pembeni ya silinda. Kwa hiyo upande wa silinda hautaona mirija ya vijiti, na kichwa cha injini ni bapa. Zote mbili zina springi ya mbele ya kizamani na nyuma hazina shoko. Matchless G3/L ni nyepesi, ya cc 350. Ina mirija miwili ya vijiti upande wa kulia na shoko za oili mbele, jambo lililowafurahisha askari waliobeba barua kwenye njia mbovu.

M20 zilitengenezwa zaidi ya 120,000 wakati wa vita, na namba zake huanza na WM20. Kwa idadi hiyo huwezi kuiita adimu. Kilicho adimu ni ile iliyobaki na vifaa vyake vya jeshi, kama kifuniko cha taa cha kuficha mwanga na fremu za kubebea mikoba, maana vilitupwa mara tu raia waliponunua.

Tunaongeza neno kwa heshima: babu kukaa juu ya pikipiki si ushahidi kwamba ilikuwa yake. Kupigwa picha na pikipiki kulikuwa fahari, na mwenye chombo huenda ndiye aliyeshika kamera.

Kwenye tangi kuna jogoo. Ni ya chama?

Si KANU, tulia. Huyo ni jogoo wa BSA Bantam, pikipiki ndogo iliyoanza mwaka 1948 ikiwa na injini ya cc 123 ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Mchoro wake ulikuwa wa Kijerumani, DKW RT125, uliochukuliwa kama fidia ya vita. BSA waliugeuza kama kwenye kioo ili gia ikae kulia. Mchoro huo huo ulizaa Harley ya cc 125 huko Marekani, Moskva ya Urusi, na Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1, mwaka 1955. Ndiyo maana ukiweka picha zao pamoja zinafanana kama watoto wa tumbo moja, na ndiyo maana tunakuomba picha ya pande zote mbili kabla hatujasema ni ipi.

Tangi la BSA nyingine lina bunduki tatu zilizoegemezana. Kampuni ilianza kwa kutengeneza silaha.

Kuna mtu Karen anauza "BMW ya vita" yenye kiti cha pembeni. Picha inaonekana sawa. Ninunue?

Picha ya injini ndiyo ingekuwa ya kwanza kuombwa. Warusi walinakili BMW R71 wakatengeneza M-72 kuanzia 1941, kisha zikafuata Ural na Dnepr, na Wachina nao wakatengeneza yao, Chang Jiang. Nyingi zimepakwa rangi ya jeshi la Ujerumani, zikabandikwa nembo ya BMW na kuuzwa kwa watu wasiojua. Omba picha ya namba ya injini na ya fremu. Ukiona M-72, K-750, MT au herufi za Kirusi kwenye chuma au kwenye saa ya mwendo, umepata jibu. Hizo pikipiki si mbaya, zina mashabiki wao na spea zake hupatikana. Ubaya uko kwenye bei ya jina lisilo lake.

Royal Enfield yangu inaonekana ya mwaka 1955. Ni kweli?

Inawezekana, na inawezekana pia ni ya 1990. Kiwanda cha Madras kilianza kuunganisha Bullet mwaka 1955 na kikaendelea kuzitengeneza kwa umbo karibu lile lile hata baada ya Waingereza kufunga kiwanda chao. Taa mbili ndogo pembeni ya taa kubwa hazikusaidii, ziko kwenye zote. Hapa picha pekee haitoshi. Tunahitaji namba.

Skuta: Vespa au Lambretta?

Tazama gurudumu la mbele. Likishikwa upande mmoja tu, ni Vespa. Likishikwa pande mbili, ni Lambretta. Mwili wa Vespa ni bati lililobonyezwa ambalo ndilo fremu yenyewe, na injini imekaa upande wa kulia. Lambretta ina bomba la fremu ndani na injini katikati. Vespa za mwanzo kabisa zilikuwa na taa juu ya madgadi, si kwenye usukani, na ukiipata hiyo usiiguse rangi kabla hujauliza. Usisahau pia kwamba Bajaj walitengeneza Vespa kwa leseni huko India miaka ya 1960 kabla ya kuleta Chetak yao mwaka 1972.

Za Kijapani nazo zinahesabiwa adimu?

Baadhi. Honda Super Cub imepita milioni 100, kwa hiyo ya kawaida haitakutajirisha. DT na AG za Yamaha, zile za maafisa wa kilimo na madaktari wa mifugo, zilikuwa nyingi, ila zilitumika mpaka zikaisha, na nzima sasa si rahisi kuiona. Adimu za kweli hutambulika haraka: Kawasaki H1 ya 1969 ina ekzosi mbili kulia na moja kushoto, Suzuki RE5, iliyouzwa kuanzia 1974 kwa muda mfupi, haina pistoni zinazopanda na kushuka bali rota inayozunguka, na saa zake zimefungwa ndani ya kopo la mviringo. Ukipata RE5 Nairobi, tupigie kabla hujampigia mtu mwingine.

Namba pleti kwenye picha inaweza kutaja mwaka?

Inataja kipindi, si mwaka wa kutengenezwa. Namba za Kenya zenye herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho ni za kabla ya 1989, mfumo wa KAA 001A ulipoanza. Pikipiki za siku hizi huanza na KM. Lakini chombo cha 1952 kinaweza kuwa kilisajiliwa upya baadaye, kwa hiyo pleti mpya haimaanishi injini mpya.

Mandhari nayo husaidia. Hilton ikionekana nyuma, picha ni ya 1969 au baadaye. KICC ikiwa imekamilika, ni 1973 kwenda mbele. Sanamu ya Dedan Kimathi ni ya 2007. Kibao kikisema Delamere Avenue, unatazama Kenyatta Avenue ya enzi za ukoloni. Hapo umepata umri wa picha. Pikipiki inaweza kuwa na umri mkubwa zaidi.

Namba ya injini iko wapi, na nifanye nini nikiipata?

Kwa Waingereza wengi iko upande wa kushoto wa kasha la injini, chini ya silinda, na ya fremu iko shingoni karibu na usukani. Usipige msasa. Futa kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, paka chaki, kisha piga picha mwanga ukitoka pembeni. Msasa ukifuta namba umefuta pia sehemu kubwa ya bei.

Triumph na BSA za kuanzia 1969 zina herufi mbili mwanzoni. Ya kwanza ni mwezi: A ni Januari, E ni Mei, halafu G ni Juni kwa sababu F imerukwa. Ya pili ni mwaka wa modeli: C ni 1969, D ni 1970, E ni 1971, G ni 1972. Kwa Honda, namba ya injini huwa na E baada ya jina la modeli, kama CB750E, na haitalingana na ya fremu. Hiyo si dosari.

Tafadhali usiweke picha ya logibuku hadharani. Kama unanunua, fanya utafutaji wa umiliki NTSA, na namba zikionekana kugongwa upya, ondoka.

Google Lens imeshaniambia ni nini. Kwa nini niwaulize?

Kwa sababu hutambua umbo, na umbo ndilo linalonakiliwa. Itaiita Ural BMW bila kusita. Itumie kupata picha za kulinganisha, kisha hesabu mapezi ya silinda mwenyewe. Jihadhari pia na picha zilizobuniwa na programu za akili bandia, ambazo sasa zinazunguka sana. Fuata cheni kwa jicho kuona inakoelekea, tazama spoku zinapoingilia kwenye rimu, soma maandishi ya tangi. Mara nyingi cheni haifiki popote.

Nipige picha vipi ili mnisaidie?

Egemeza pikipiki mahali peupe, simama hatua nne au tano mbali, chuchumaa mpaka simu iwe usawa wa injini, na uikuze kidogo badala ya kusogea. Ukisogea karibu sana gurudumu la mbele linavimba na fremu inapinda kwenye picha. Piga kulia kote, kushoto kote, kisha injini pande zote mbili, shingo ya fremu, kabureta, vitovu vya magurudumu na saa. Jua la saa sita mchana huficha kila kitu chini ya tangi. Saa mbili asubuhi ni bora, na mawingu ya Julai ndiyo bora kabisa. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili la hati, la sivyo inabanwa na namba hazisomeki.

Ina thamani gani?

Hatutaji bei kwa picha. Kinachopandisha thamani ni namba za injini na fremu zinazostahili kuwa pamoja, karatasi, na sehemu ngumu kupatikana kuwa bado zipo. Rangi mpya inayong'aa mara nyingi hupunguza.

Wapi Nairobi naweza kuziona kwa macho nijizoeze?

Africa Concours d'Elegance, inayoandaliwa na Alfa Romeo Owners Club katika Ngong Racecourse, ina kundi la pikipiki, na wenyewe hupenda kuulizwa. Nenda na daftari, chuchumaa upande wa kulia, na uombe ruhusa kabla ya kugusa. Kirinyaga Road kuna wauzaji wa spea wenye kumbukumbu ndefu kuliko kitabu chochote, ila usiende Jumamosi mchana. Hakuna atakayekuwa na muda nawe.

Mnarudisha picha za familia?

Usitutumie ya asili. Ilaze mezani karibu na dirisha, izime flashi, uipige picha moja kwa moja kutoka juu, na upige nyuma yake pia. Jina la studio na tarehe mara nyingi viko huko nyuma, kwa penseli.